Sumu Isiyoonekana: Namna ya Kupima Kemikali Hatari katika Majitaka ya Kisii na Nyamira

Mto Nyakomisaro hauna njia ya kuukwepa mji wa Kisii. Unapita katikati ya mji ukipokea maji ya mitaro ya soko, ya gereji, ya vituo vya kuoshea magari na ya nyumba ambazo hazijaungwa na bomba la majitaka, kisha unakutana na Mto Riana kuelekea upande wa Suneka. Riana nao humwaga maji yake katika Gucha, mto unaochipuka kwenye vilima vya Kiabonyoru kule Nyamira, ukaizunguka nchi ya Abagusii na kuingia Ziwa Victoria ukiwa na jina la Kuja. Anayemwaga mafuta machafu ya injini mtaroni leo anamwagia watu wengi asiowajua.

Mtu akiuliza hali ya mito hii, kwa kawaida hujibiwa kwa takwimu mbili. Ya kwanza ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kwa siku 5 wanapokula uchafu uliomo majini, yaani BOD. Ya pili ni oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu huo kwa kemikali kali, yaani COD. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka ukomo wa miligramu 30 kwa lita kwa ile ya kwanza na miligramu 50 kwa ile ya pili, kwa majitaka yanayorudishwa mtoni. Vipimo hivyo vina kazi yake, na hakuna sababu ya kuviacha. Ila havitofautishi sabuni na sumu. Miligramu 50 ni mikrogramu 50,000, na kuna viuatilifu ambavyo chini ya mikrogramu moja kwa lita vinatosha kuua wadudu wa majini. Kemikali ya namna hiyo hupotea ndani ya takwimu ya COD na hakuna atakayejua kuwa ilikuwapo.

Kanuni hizohizo za 2006 zilitaja pia kemikali za kikaboni moja moja. Zilitaka fenoli isizidi miligramu 0.001 kwa lita, benzeni 0.1, tetrakloroethilini inayotumika kufulia nguo bila maji 0.1, na dikloromethani 0.2. Kwa kuwa kanuni hurekebishwa, mpimaji ahakikishe ameshika toleo linalotumika siku anapopima. Vyovyote itakavyokuwa, viwango vidogo kama hivyo havipimiki mpaka kemikali zitolewe kwenye maji kwanza, halafu zitenganishwe moja na nyingine. Kazi hiyo ndiyo inayoelezwa hapa, kwa ajili ya mwanafunzi wa kemia, afisa wa maji, msimamizi wa kiwanda, na hata kikundi cha watumiaji maji kinachotaka kulipia kipimo na kuelewa kilichonunuliwa.

Swali kabla ya mashine

Kosa linalokula fedha nyingi zaidi ni kwenda maabara na ombi la "kupima sumu zote". Hakuna mashine inayopima sumu zote. Kila mbinu huona kundi fulani na kufumbia macho mengine, kwa hiyo mpimaji aamue mapema anatafuta nini, na jibu la swali hilo liko kwenye mazingira yake.

Palipo na gereji, vituo vya mafuta na uoshaji wa magari, tafuta benzeni na ndugu zake toluini na zilini, pamoja na kundi la hidrokaboni zenye pete nyingi zinazotokana na masizi, lami na mafuta yaliyotumika. Mojawapo ya kundi hili la pili ni benzopireni, inayosababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 0.7 kwa lita ya maji ya kunywa. Palipo na hospitali au mji wenye watu wengi, tafuta mabaki ya dawa. Chini ya mashamba ya mboga, kahawa na chai, na karibu na majosho ya ng'ombe, tafuta viuatilifu. Mahali mbao na nguzo zinapotiwa dawa ya kuzuia mchwa, tafuta fenoli zenye klorini.

Kuhusu mabaki ya dawa, Kenya ina ushahidi wake yenyewe. Watafiti wa Kenya na Ubelgiji walichapisha mwaka 2012 matokeo ya Mto Nairobi, kisha mwaka 2016 wakachapisha ya Nairobi na Kisumu, wakionyesha kwamba antibiotiki, dawa za maumivu na dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI, zikiwemo zidovudini na lamivudini, zimo katika majitaka na mitoni. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliokusanya maji kutoka sehemu 1,052 katika nchi 104 uliiingiza Nairobi pia. Kilichofanya kazi katika tafiti hizo zote ni kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi, mashine zinazoelezwa baadaye. Kisii ina hospitali kubwa ya rufaa, maduka ya dawa kila kona na idadi ya watu inayozidi kukua; hakuna sababu ya kudhani kwamba majitaka yake ni ya namna nyingine.

Kuhusu viuatilifu, mfano ulio jirani zaidi unapaswa kumshtua kila anayeishi katika bonde la Ziwa Victoria. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika sehemu 48 za magharibi mwa Kenya. Ulionyesha kwamba viuatilifu majini vinasaidia kuenea kwa kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huvumilia viuatilifu kuliko wadudu na viumbe wengine wanaoshindana nao kwa chakula. Dawa ikiingia majini, washindani hufa na konokono hubaki wakitamba. Waliotajwa kuwa wakosaji wakubwa ni diazinoni na imidaklopridi, dawa za kuua wadudu. Kiwango kilichofanya hayo kisingeonekana hata kidogo katika kipimo cha COD.

Kuna mitego miwili ambayo mpimaji wa Gusii lazima aijue.

Wa kwanza ni glifosati, dawa ya kuua magugu inayonyunyizwa sana. Mteja akiomba "viuatilifu", maabara nyingi zitafanya kipimo cha viuatilifu vya klorini, vile vya zamani kama DDT na dieldrini, ambavyo vingi vimo katika Mkataba wa Stockholm ulioridhiwa na Kenya mwaka 2004. Ripoti itarudi safi. Glifosati haitaonekana kamwe kwa njia hiyo, kwa sababu inapenda maji kupita kiasi, haihamii kwenye kiyeyushi kinachotumika kuzitoa kemikali majini na haigeuki mvuke. Inahitaji njia yake maalumu, ambamo huunganishwa kwanza na kemikali inayong'aa ndipo ipite kwenye kromatografia ya kimiminika. Mteja asiyeitaja kwa jina atalipia kipimo cha kitu kingine.

Mtego wa pili uko kwenye chai. Nyamira ina viwanda vya chai vya wakulima wadogo kama Sanganyi, Kebirigo, Tombe na Nyansiongo, na jani la chai lenyewe limejaa polifenoli, zile zinazolipa kinywaji rangi na ukakasi. Kipimo rahisi cha fenoli hutumia kemikali ya rangi iitwayo aminoantipirini: maji yakibadilika rangi, kifaa kinasoma ukali wa rangi na kutoa jumla ya fenoli. Jumla hiyo haisemi fenoli ya nani. Sehemu yake inaweza kutoka kwenye majani ya chai yaliyooshwa sakafuni, na wakati huohuo baadhi ya fenoli zenye madhara, hasa zile zenye naitro au kundi la alkili upande wa pili wa pete, hazichukui rangi ile vizuri na huachwa nje ya hesabu. Kiwanda kinaweza kulaumiwa kwa rangi ya chai, na kingine cha namna tofauti kikasamehewa sumu halisi. Kwa majitaka ya eneo la chai, kipimo cha rangi ni cha kuchujia tu. Jibu litoke kwenye kromatografia, inayotaja kila fenoli kwa jina.

Chupa ndiyo inayoamua

Mashine ya mamilioni ya shilingi haiwezi kuirekebisha sampuli iliyoharibika kando ya mto. Hapa ndipo pa kutumia muda na nidhamu zaidi.

Chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai. Plastiki hunyonya kemikali za kikaboni na yenyewe hutoa zake, hasa zile za kulainishia plastiki. Tumia chupa za kioo cha kahawia za lita moja, zenye kizibo kilichowekwa utando wa tefloni ndani. Zioshwe kwa sabuni isiyo na manukato, zisuuzwe kwa maji yaliyosafishwa, kisha kwa asetoni na heksani, au zikaushwe katika tanuri la nyuzi 400 za Selsiasi bila vifuniko. Kwa benzeni na kemikali nyingine zinazoruka hewani, chukua vichupa vya mililita 40 na uvijaze mpaka juu kabisa kusiwe na kiputo hata kimoja cha hewa. Ukikigeuza kichupa juu chini na kuona kiputo, mwaga na uanze upya, maana kemikali unayoitafuta imeshahamia humo.

Mkusanyaji avae glavu, na asubuhi hiyo asijipake dawa ya mbu, manukato wala mafuta ya ngozi yenye harufu. Pikipiki au gari linalobeba sampuli lisibebe dumu la petroli. Lebo iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu za alama una viyeyushi. Katika mto, simama ukielekea maji yanakotoka, chupa iwe mbele yako, uizamishe kina cha sentimita 20 hivi bila kuchota povu la juu wala kuvuruga tope la chini. Anza na sehemu safi na umalizie na chafu, kamwe usifanye kinyume chake. Chupa ya kupimia mafuta na viuatilifu isisuuzwe kwa maji ya mto kabla ya kujazwa, kwa sababu mafuta hushika kwenye kioo na mwishoni yatahesabiwa mara mbili.

Mahali pa kuchota pachaguliwe ili pajibu swali. Kwa Nyakomisaro, seti ya maana ingekuwa na sampuli moja juu ya mji kabla maji hayajagusa mitaro, moja baada ya sehemu ya gereji na soko, na moja baada ya kukutana na Riana. Kwa mtambo wa majitaka kama ule wa Suneka, chukua maji yanayoingia na yanayotoka; tofauti yake ndiyo inayoonyesha kazi iliyofanyika. Majitaka hubadilika kila saa, hivyo sampuli moja ya saa nne asubuhi ni picha ya saa nne asubuhi peke yake. Kwa viuatilifu, fenoli na dawa, chota kiasi sawa kila saa kwa saa 24 na uchanganye. Kwa benzeni usichanganye, itaruka yote. Chukua vichupa vya mara moja moja, kila kimoja na saa yake.

Mvua nayo ina neno. Nyanda za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua kubwa ya kwanza baada ya wakulima kunyunyizia dawa ndiyo inayosomba mabaki kuyapeleka bondeni. Anayepima wakati wa jua tu ataukuta mto ukiwa katika hali yake bora. Ni busara kuwa na sampuli za kiangazi, na nyingine zilizochotwa ndani ya saa chache za mwanzo wa mvua ya masika, yaani Machi hadi Mei.

Baada ya kuchota, saa inaanza kuhesabu. Sampuli ziwekwe kwenye boksi la barafu, zibaki chini ya nyuzi 6 bila kuganda. Kama maji yametiwa klorini, ongeza sodiamu thiosalfeti kidogo ili klorini isiendelee kuunda kemikali mpya ndani ya chupa. Vichupa vya benzeni vitiwe asidi ya hidrokloriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Hapo vinaweza kukaa siku 14. Sampuli za hidrokaboni na fenoli zitolewe kemikali zake ndani ya siku 7, na kinachopatikana kipimwe ndani ya siku 40. Kutoka Kisii hadi Kisumu ni mwendo wa saa chache, na hadi Nairobi ni safari ya siku moja au usiku mmoja, kwa hiyo muda unatosha ikiwa mpango umefanywa mapema. Usichote Ijumaa jioni maabara ikiwa imefungwa hadi Jumatatu. Na kila boksi lisindikizwe na fomu inayosema nani alichota, wapi, saa ngapi, na nani alipokea. Bila fomu hiyo, wakili yeyote atalitupa tokeo lako mahakamani.

Jambo moja husahaulika mara nyingi: chupa ya ziada iliyojazwa maji safi ya maabara, inayosafiri mpaka mtoni, ikafunguliwa hapo, ikafungwa na kurudi pamoja na zingine. Hiyo ni sampuli tupu ya uwandani. Ikionyesha benzeni, basi benzeni imetoka kwenye gari, na matokeo ya siku hiyo hayana thamani.

Kuitoa kemikali kwenye maji

Kuna njia mbili kuu. Ya zamani ni kutumia kiyeyushi. Lita moja ya sampuli humwagwa katika faneli ya kutenganishia, huongezwa mililita 60 za dikloromethani, na hutikiswa kwa dakika 2 huku mvuke ukitolewa kila mara kupitia koki. Dikloromethani ni nzito kuliko maji, hukaa chini ikiwa imebeba kemikali za kikaboni, nayo hufunguliwa ishuke. Zoezi hurudiwa mara tatu. Kwanza maji yawe na pH zaidi ya 11 ili kupata kemikali zisizo asidi, kisha yashushwe chini ya 2 ili fenoli nazo ziachane na maji. Kiyeyushi hukaushwa kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, halafu huvukizwa taratibu mpaka ibaki mililita moja. Hapo kilichokuwa katika lita nzima kimo katika mililita moja, yaani kimekolezwa mara 1,000.

Majitaka ya mji yana sabuni na mafuta, na mara nyingi faneli hujaa kitu kama maziwa badala ya tabaka mbili safi. Usiwe na haraka. Ongeza chumvi safi, au pitisha sehemu hiyo kwenye pamba ya kioo, au izungushe kwenye mashinepewa (sentrifuji). Anayeikata tabaka kwa kukisia hupoteza sehemu ya sampuli yake na hajui ni kiasi gani.

Njia ya pili hutumia katriji, bomba dogo lililojazwa chembechembe zinazonasa kemikali. Sampuli huchujwa kwanza kwa karatasi ya nyuzi za kioo yenye matundu ya mikromita 0.7. Katriji huamshwa kwa mililita chache za methanoli kisha maji, na haipaswi kukauka kabla sampuli haijapita. Sampuli ipite polepole, mililita 5 hadi 10 kwa dakika. Baadaye katriji hukaushwa kwa hewa na kemikali husombwa kwa methanoli. Njia hii hutumia kiyeyushi kidogo sana na inafaa kwa mabaki ya dawa na viuatilifu vya kisasa. Kwa maabara inayoanza, hii ndiyo ya kuchagua.

Tope lililochujwa lisitupwe bila kufikiriwa. Dawa za jamii ya pareto ya viwandani, zilizochukua nafasi ya pareto ya maua iliyowahi kulimwa sana Kisii na Nyamira, hazipendi maji. Hushika kwenye chembe za udongo na kwenye kuta za chupa. Kupima maji yaliyochujwa peke yake ni kuziacha kwenye karatasi ya chujio.

Tahadhari moja haina mjadala. Dikloromethani ni sumu, na imetajwa katika zile kanuni za 2006. Kazi ifanywe ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na mabaki yakusanywe katika chombo maalumu, yapelekwe kwa mwenye leseni ya kuteketeza taka hatari. Maabara inayomwaga kiyeyushi kwenye sinki inachafua mto uleule inaoupima.

Kutenganisha na kutambua

Kromatografia ilianza kwa rangi za majani. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea Mikhail Tswett alieleza mjini Warsaw jinsi alivyopitisha maji ya majani kwenye bomba la unga na kuona rangi zikigawanyika katika mikanda. Archer Martin na Richard Synge walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1952 kwa kuiendeleza mbinu hiyo.

Kanuni yake inaeleweka kwa aliyewahi kupita soko la Daraja Mbili siku ya soko. Watu mia wakiingia pamoja upande mmoja, asiyetaka kununua kitu atatokea upande wa pili mapema, na anayesimama kwenye kila kibanda atatokea mwisho. Safu ya kromatografia ndilo soko, na kemikali hutoka kwa zamu kulingana na jinsi kila moja inavyoshikamana na kuta zake.

Katika kromatografia ya gesi, safu ni mrija wa kioo safi wenye urefu wa mita 30 na upana wa ndani wa robo milimita, uliokunjwa ndani ya tanuri. Gesi ya heli husukuma mvuke wa sampuli, na joto hupanda kutoka nyuzi 40 au 50 hadi karibu 300. Njia hii inafaa kwa kemikali zinazogeuka mvuke bila kuungua: benzeni, hidrokaboni za pete, viuatilifu vya klorini, fenoli nyingi. Kromatografia ya kimiminika hutumia safu fupi iliyojaa chembe ndogo na kusukuma maji yaliyochanganywa na methanoli au asetonitrili kwa shinikizo kubwa. Hiyo ni ya kemikali nzito, zinazopenda maji au zinazoharibika kwa joto: antibiotiki, dawa za virusi, imidaklopridi.

Mwisho wa safu hukaa kigunduzi. Kigunduzi cha mwali wa moto huona karibu kila chenye kaboni, lakini hakisemi ni nini. Kigunduzi cha kunasa elektroni, alichokibuni James Lovelock mwaka 1957, huona klorini kwa ukali wa ajabu, na ndicho kilichoufichulia ulimwengu kuenea kwa DDT. Kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno kinatosha kwa fenoli zilizo nyingi, na cha mng'ao kinafaa sana kwa hidrokaboni za pete. Juu ya vyote ni spektrometa ya masi, inayovunja kila molekuli na kusoma uzito wa vipande vyake. Katika majitaka yenye mamia ya kemikali, muda wa kutoka peke yake si utambulisho. Vitu viwili vinaweza kutoka kwa dakika ileile. Tokeo litakalomwingiza mtu hasara au mahakamani lithibitishwe kwa spektrometa ya masi, au angalau kwa safu ya pili ya aina tofauti.

Kwa maabara ya kaunti isiyo na uwezo wa yote, ushauri ni huu: mashine ya kimiminika yenye kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno ndiyo ya kwanza kununuliwa, kwani haihitaji heli iliyo ghali na huvumilia umeme unaokatika kuliko spektrometa ya masi, ambayo pampu zake za ombwe hazipendi kuzimika ghafla. Sampuli zinazohitaji mashine nyingine zipelekwe maabara za nje.

Kusoma ripoti

Tuseme maabara imepata mikrogramu 0.8 za fenoli katika ile mililita moja iliyotoka kwenye lita moja ya majitaka. Hiyo ni mikrogramu 0.8 kwa lita, chini ya ukomo wa mikrogramu 1 wa kanuni za 2006. Kiwanda kimepona? Bado. Maabara makini hutia kiasi kinachojulikana cha fenoli kwenye sampuli nyingine na kuona kinarudi kiasi gani. Kikirudi asilimia 80, basi sehemu ya tano hupotea njiani, na kiwango halisi kinakaribia 0.8 kugawanywa kwa 0.80, yaani mikrogramu 1 kwa lita. Kimefika kwenye ukomo hasa. Ripoti iseme wazi asilimia iliyorudi ni ngapi na kama tokeo limesahihishwa.

Angalia pia mstari wa ulinganishi, uliojengwa kwa viwango vitano au zaidi vinavyojulikana. Tokeo lililo juu ya kiwango cha mwisho cha mstari huo ni la kukisia. Sampuli tupu iwe tupu kweli. Sampuli pacha zikaribiane.

Lakini neno la kuchunguzwa kuliko yote ni "haikupatikana". Kila njia ina kiwango cha chini kabisa inachoweza kukipima. Kama kiwango hicho kwa fenoli ni miligramu 0.01 kwa lita, basi majitaka yenye fenoli mara tisa ya ukomo huo yataandikwa "haikupatikana". Ripoti ya namna hiyo haijathibitisha chochote, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kabla ya kulipa, taka maabara iandike kiwango chake cha chini kwa kila kemikali, na kilingane na ukomo unaohusika au kiwe chini yake. Uliza pia kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025 kutoka KENAS, shirika la Kenya la kutoa ithibati, na uione orodha ya vipimo vilivyothibitishwa, kwa sababu ithibati ya kupima pH haihusu kupima diazinoni.

Mwishowe, mkolezo peke yake hudanganya. Pima mtiririko: chungwa lililoachwa lielee mita 10, muda wake, upana na kina cha mto vitatoa makadirio yanayotosha. Mto wenye lita 20 kwa sekunde na mikrogramu 5 za kiuatilifu kwa lita unabeba gramu 8.64 kwa siku. Mvua ikileta lita 200 kwa sekunde na mkolezo ukashuka hadi mikrogramu 2, wengi watasema mto umejisafisha. Hesabu inasema mzigo umepanda hadi gramu 34.56 kwa siku, na wote unaelekea ziwani.

Si kila mtu anaweza kulipia kipimo, na si lazima kila mtu alipie. Mwenye leseni ya kumwaga majitaka anatakiwa kuyapima na kupeleka matokeo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 21. Kama kijito chako kimebadilika rangi au harufu, andika barua kwa afisa wa NEMA wa kaunti yako, taja mahali na tarehe, na uombe matokeo ya maabara pamoja na kiwango cha chini cha kila kipimo.